Kilichofichwa Ndani ya Kiti: Usumba, Singa na Sponji katika Magari ya Zamani

Linapotajwa neno utamaduni, wengi wetu hukumbuka ngoma, mavazi, vinyago na hadithi za wazee. Ni wachache watakaokumbuka kiti cha gari. Gari lenyewe huhesabiwa kuwa kitu cha kigeni, kilicholetwa na meli pamoja na mambo mengine mengi ya wageni, na kiti chake huonekana kuwa ni mahali pa kukalia tu. Hata hivyo, mtu akipata nafasi ya kusimama karibu na fundi anayefumua kiti cha gari la miaka ya 1950, ataona kwamba chini ya kitambaa kile mna historia ndefu ya kazi za mikono, ya mazao ya mashamba na ya biashara baina ya mataifa. Na katika historia hiyo pwani yetu ya Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji.

Mimi nililitambua jambo hilo mjini Tanga, katika kibanda cha fundi wa viti aliyekuwa akitengeneza upya Volkswagen kuukuu, lile gari dogo lenye mgongo kama wa kobe. Mwenye gari alikuwa amekwisha kuleta vipande vya sponji mpya na reksini nyeusi, akaagiza vya zamani vyote vitupwe. Fundi alipokata mshono na kufunua kitambaa, chini yake palikuwa na gunia lililooza, na chini ya gunia palikuwa na tandiko la nyuzi za kahawia zilizoshikamana kama kiota cha ndege. Zilipoguswa zilitoa vumbi jekundu. Fundi akachukua konzi moja, akainusa, akacheka. "Mwalimu," akaniambia, "si usumba huu?"

Naam, ulikuwa usumba. Nyuzi za nazi zilikuwa zimeshonewa ndani ya gari la Kijerumani, zikarudi Tanga kwa njia ya mzunguko, bila ya mtu yeyote aliyezikalia kwa miaka yote ile kujua.

Msomaji wa bara huenda asijue kazi iliyomo katika usumba, hivyo yafaa tuieleze kidogo. Nazi ikishafuliwa, makumbi yake hayatupwi. Wanawake wa Unguja, Pemba na Mrima huyachukua hadi ufukoni, mahali ambapo maji hujaa na kupwa, wakayafukia katika tope au mchanga na kuyawekea mawe juu ili yasichukuliwe na bahari. Huko hukaa miezi mingi. Tope na maji ya chumvi huiozesha ile nyama laini inayoshikanisha nyuzi, lakini nyuzi zenyewe hazidhuriki, kwa sababu zina kwa wingi ile dutu ngumu iufanyayo mti uwe mti, yaani lignini. Yakisha kuiva, makumbi hufukuliwa na kupondwa kwa magongo, huoshwa, huanikwa juani, na hatimaye nyuzi zake husokotwa kamba. Harufu ya tope lile, atakayeinusa mara moja haisahau, na mikono ya mpondaji huijua kazi hiyo kuliko mdomo wa msimulizi.

Kamba hizo ndizo zilizoshona mitepe. Kabla ya misumari kuenea, mbao za vyombo vya pwani hii ziliunganishwa kwa kushonwa, na kazi ya kuzishikilia mbao zisiachane katika mawimbi ilikuwa ya usumba. Msafiri mmoja wa karne ya kwanza, aliyeandika kwa Kigiriki habari za biashara ya Bahari ya Hindi, ametaja vyombo vya kushonwa katika bandari ya Rhapta, ambayo wataalamu huiweka mahali fulani katika pwani ya Tanzania ya leo. Sifa iliyowafaa waundaji wa mitepe ndiyo iliyowafaa watengenezaji wa viti: uzi wa usumba una uwazi ndani yake, hivyo ni mwepesi, hauozi upesi kwa maji, na ukikunjwa hujitahidi kurudi ulivyokuwa.

Hapa lazima tuwe waangalifu tusije tukajipa sifa isiyo yetu. Usumba uliokuwa katika viti vya magari ya Ulaya haukutoka Tanga wala Unguja kwa kiasi kikubwa. Biashara ya usumba duniani ilikuwa mikononi mwa India, hasa jimbo la Kerala, na Sri Lanka. Lakini ujuzi wenyewe ni mmoja katika Bahari ya Hindi nzima, na mwanamke wa Kerala angekaa chini pamoja na mwanamke wa Paje wakafanya kazi bila ya kuhitaji mkalimani.

Turudi nyuma kidogo. Magari ya kwanza hayakuwa na viti vyake mwenyewe. Yalirithi viti vya magari ya farasi, na mafundi waliovishona walikuwa wale wale waliokuwa wakishona viti vya mabwana wa Ulaya kabla ya injini kubuniwa. Chini palikuwa na springi za chuma zilizofungwa kwa kamba moja moja, kila springi ikivutwa kwa kipimo sawa na mwenzake ili kiti kisiende upande. Juu ya springi palitandazwa kitambaa cha gunia, juu ya gunia palijazwa singa, yaani nywele za shingo na mkia wa farasi, kisha pamba, na mwisho ngozi. Singa hazikutiwa hivi hivi. Zilisokotwa kwanza kuwa kamba, zikachemshwa au kutiwa mvuke, zikakaushwa, ndipo zikafumuliwa. Nywele iliyopitia mateso hayo hubaki imejikunja daima, na maelfu ya nywele za namna hiyo hufanya kazi kama maelfu ya springi ndogo.

Singa zilikuwa ghali. Gari lilipoanza kutengenezwa kwa wingi, hasa Ford ya Model T iliyotoka kati ya mwaka 1908 na 1927 na kufikia milioni 15, haikuwezekana tena kila kiti kivikwe ngozi halisi na kujazwa singa tupu. Viwanda vikatafuta vitu vya badala. Huko kusini mwa Marekani wananchi walikusanya mmea unaoning'inia mitini kama ndevu, wakauozesha na kuukausha, ukawa wa kujazia viti na magodoro. Badala ya ngozi kilitumiwa kitambaa kilichopakwa dawa kikang'aa. Kimoja cha vitambaa hivyo, kilichotengenezwa Uingereza, kiliitwa Rexine, na kutokana na jina hilo tumepata neno letu reksini, ambalo leo hutumiwa kwa kila ngozi ya bandia hata kama kiwanda kile hakijulikani na anayelitamka. Lugha huhifadhi mambo ambayo watu wameyasahau.

Katika kutafuta huko vitu vya badala, mkonge nao uliingia garini. Mmea huu uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika na kuwa hai, nayo ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo mashamba yalienea katika mkoa wa Tanga, Morogoro na kwingineko. Na tulipopata uhuru mwaka 1961 mkonge ulikuwa ndio nguzo ya mauzo yetu ya nje. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000. Sehemu kubwa ilikwenda kuwa kamba za kufungia majani ya mifugo huko Ulaya na Marekani, lakini nyuzi fupi na takataka za mkonge zilishindiliwa kuwa matandiko ya kuwekwa juu ya springi, ili springi zisitoboe pamba iliyo juu yake. Mkata mkonge aliyeamka alfajiri kwenda kutimiza kipande chake huenda hakuwahi kupanda gari dogo maishani mwake. Kumbe jasho lake lilikuwa limekaliwa na watu asiowajua, mahali asikokujua.

Sasa tuje kwenye usumba wa Volkswagen. Kati ya vita viwili vikuu vya dunia mafundi wa Ulaya waligundua njia ya kuziunganisha nyuzi kwa mpira. Singa au usumba uliokwisha kukunjwa ulinyunyiziwa utomvu wa mpira, ukabanwa katika kalibu yenye umbo la kiti, kisha ukatiwa joto pamoja na salfa hata mpira ukakomaa. Tandiko lililotoka humo lilikuwa jepesi, lilipitisha hewa, na halikuhitaji fundi wa kulijaza kwa mkono. Volkswagen, ambayo ilianza kutengenezwa kwa wingi mwishoni mwa mwaka 1945, ilitumia matandiko ya namna hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1972 gari hilo liliivunja hesabu ya Model T, na lilipokoma kutengenezwa nchini Mexico mwaka 2003 lilikuwa limepita milioni 21.

Kwetu gari hilo halikuwa geni. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Baadaye Peugeot 404 ilichukua nafasi hiyo, na mwaka 1966 na 1967 iliendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Watu husifu injini za magari hayo. Lakini mtu aliyewahi kupita barabara ya vumbi yenye makorongo kwa siku nzima, akashuka akiwa anashika kiuno, atakubali kwamba kiti nacho kinastahili sifa yake.

Kilichoviondoa vitu hivi vyote ni povu. Mwaka 1929 wakemia wa kampuni ya Dunlop huko Uingereza waliupiga utomvu wa mpira kwa mashine ya jikoni, kama mtu apigavyo mayai, wakaupika, wakapata mpira wenye vitundu visivyo na idadi. Hiyo ndiyo sponji ya kwanza. Mwaka 1937 Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, walivumbua poliyurethani, na kuanzia miaka ya 1950 sponji laini ya aina hiyo, iliyotokana na mafuta ya petroli, ilianza kuuzwa. Ilimiminwa katika kalibu ikafura, na kwa dakika chache kiti kizima kikawa tayari. Hakuna singa, hakuna usumba, wala hakuna fundi wa kufunga springi. Mafuta hayo hayo ya petroli yalitoa pia kamba za bandia zilizoshusha bei ya mkonge duniani, wakati ule ule sehemu kubwa ya mashamba yetu ilipokuwa imekwisha kutaifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha. Hivyo chini ya kitambaa cha kiti mna habari ile ile iliyoyakumba mashamba ya Tanga, ila imeandikwa kwa herufi ndogo.

Majumbani mambo yalikwenda vivyo hivyo. Godoro la sufi na la usumba, lililofumuliwa na kuanikwa kila baada ya muda na kushonwa tena kwa shazia, lilipisha godoro la sponji. Sisemi kwamba tulidanganyika. Aliyelala juu ya usumba uliokwisha kushikamana atalishukuru godoro la sponji. Jambo la kusikitisha ni kwamba pamoja na godoro uliondoka ujuzi, na vijana waliozaliwa mjini hawajui kuwa mti wa msufi ulio uani kwao uliwahi kuwa mali.

Hata hivyo ujuzi huo haukufa mara moja. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipokuwa haba na vipuri kuadimika, mafundi wetu waliurudia. Kiti kilichobonyea kilijazwa sufi, usumba au matambara. Springi iliyokatika ilibadilishwa kwa mikanda iliyokatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu. Wapo waliocheka viti vile. Mimi naviona kuwa ni kumbukumbu ya wakati ule, sawa na barua au picha.

Na hapa ndipo lilipo tatizo la anayetengeneza gari la zamani leo. Gari kuukuu likitengenezwa, kitu cha kwanza kutupwa ni matumbo ya kiti. Rangi hujadiliwa, injini hujadiliwa, hata misumari ya bati hutafutwa ya namna ile ile; lakini kilichomo ndani ya kiti hakionekani, hivyo hakina mtetezi. Kikitupwa, hakuna mchoro wala kitabu cha kiwanda kitakachoeleza kwamba kiti hiki kiliwahi kufumuliwa mwaka 1981 kikajazwa sufi ya msufi wa jirani.

Kazi yenyewe, ikifanywa vizuri, haina haraka. Fundi hodari hutoa kiti garini, akakipiga picha au kukichora kabla ya kukigusa. Hachani kitambaa, hukata nyuzi za mshono mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kila kipande cha kitambaa cha zamani ni kielelezo cha kukatia kipya. Huviandika vipande: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Huzifungua pete za waya zinazoshikilia kitambaa kwenye fremu, na huzihifadhi zile nyaya zilizopenyezwa katika pindo, maana bila ya hizo kitambaa kipya hakitakaa. Springi husuguliwa kutu na kupakwa rangi; iliyovunjika hubadilishwa. Kisha huja gunia jipya. Hapa mafundi wengi hufanya kosa: huiweka sponji moja kwa moja juu ya springi, na chuma huikata kidogo kidogo kama msumeno mpaka kiti kikazama kabla ya miaka miwili kupita.

Sponji nayo si moja. Ile hafifu ya magodoro ya bei nafuu, yenye uzito wa kilo 18 au 20 kwa mita moja ya ujazo, huonekana nzuri dukani ikabonyea upesi garini. Ya kiti cha gari inafaa iwe kilo 40 au zaidi, na ya makalio iwe ngumu kuliko ya mgongo. Haipimwi kwa kidole bali kwa kuikalia. Hukatwa ikawa kubwa kuliko kitambaa kwa kadiri ya sentimita moja kila upande, ili kitambaa kikivutwa kijae bila mikunjo. Juu yake hutandazwa pamba nyembamba, kwa kuwa sponji huking'ang'ania kitambaa na kukivuta. Reksini huanikwa juani kwanza ikalainika, ndipo huvishwa. Nimeona fundi akiisubiri jua la saa sita kama mpishi asubirivyo mkaa ushike.

Je, afanye nini na usumba wa zamani? Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, lilitoa mwanzoni mwa miaka ya 2010 hati iitwayo Hati ya Torino, inayosisitiza kwamba gari la kale lihifadhiwe kwa kuguswa kidogo iwezekanavyo, na kwamba kilichobadilishwa kiweze kutambulikana. Ni kanuni njema, lakini haimfai kila mtu. Mwenye gari la kupandia kwenda kazini hawezi kuambiwa akalie vumbi kwa ajili ya historia. Mpira ulioshikilia nyuzi ukikauka, tandiko zima humeguka, na hakuna dawa ya kulirudisha. Kwa gari la namna hiyo mimi sioni aibu ya kutia sponji. Lakini gari ambalo halijapata kufumuliwa tangu litoke kiwandani, au gari lililobeba watu wa historia, ni jambo jingine. Katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam imo Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza na baadaye na Mwalimu Julius Nyerere. Kukifumua kiti cha gari kama hilo kwa sababu tu ngozi yake imepasuka kungekuwa sawa na kuipaka chokaa mpya nguzo ya Kilwa.

Jambo moja zaidi linafaa kufahamika. Sponji, iliyoshinda vyote, ndiyo isiyodumu. Mwanga, hewa na unyevu huila; baada ya miongo michache hugeuka unga au utelezi, na wahifadhi wa makumbusho duniani wanahangaika nayo. Singa za miaka 100 zikioshwa na kuchambuliwa huweza kutumika tena. Usumba uko katikati: uzi wenyewe hudumu, unaokufa ni mpira. Huko Brazil, katika jimbo la Pará, kuanzia miaka ya 1990 nyuzi za nazi zilirudishwa katika viti na mito ya vichwa ya magari ya Mercedes-Benz yaliyotengenezwa nchini humo, kazi ikiwapa kipato wakulima wadogo. Kilichoonekana kuwa kimepitwa na wakati Ulaya kilionekana kuwa kipya upande wa pili wa Atlantiki. Makumbi yetu sisi, mengi huchomwa moto.

Fundi wa Tanga hakuitumia sponji yote aliyoletewa. Alikwenda kuzungumza na mwenye gari, wakakubaliana. Kiti cha nyuma, ambacho kilikuwa hakijakaliwa sana, alikiacha na usumba wake, akaubadilisha gunia na kitambaa tu. Viti vya mbele alivitengenezea tandiko la usumba mpya, alioununua kwa wasokota kamba wa pwani, akalishona kwa shazia juu ya gunia, kisha akaweka sponji nyembamba juu. Usumba wa zamani aliutia katika mfuko, akamkabidhi mwenyewe. Kabla ya kuvisha reksini alichukua kalamu ya wino mzito, akaandika juu ya gunia jipya mwaka na jina la mji, mahali ambapo hapataonekana mpaka fundi mwingine atakapokifumua kiti kile.